Nilivyompeleka Nekesa Kwenye Intaviu ya Kitale

Tuliotoka Bumula asubuhi ile tulikuwa watatu: mimi Nasambu; mjukuu wangu Nekesa, binti wa Wafula, mtoto wangu wa kwanza; na Barasa, jirani yetu mwenye pikapu ya ndizi. Mamake Barasa, Nanjala, ndiye aliyepika kwenye harusi ya Wafula.

Safari ilikuwa ya kutafuta kazi. Nekesa alisomea kilimo chuoni, akafuzu vizuri, tukamchinjia kuku. Tangu hapo ni kutuma barua huku na kuambiwa kule ati lete uzoefu. Uzoefu atautoa wapi kabla ya kazi? Mwishowe akaamini anakosa kwa sababu hana mtu ndani. Sasa kampuni moja ya mbegu Kitale ikamwita intaviu. Nikamwambia, "Kama ni kujua watu, twende wote. Sikusoma sana, lakini nani alimzaa nani, hiyo ninayo."

Kamukuywa tulisimama, Barasa akashusha ndizi za mteja. Nekesa alikuwa akijisomea, midomo ikicheza.

"Wewe, usimalize Kiingereza chote njiani," Barasa akamtania. "Wachia mabosi kidogo."

"Nyamaza bana. Nikikosa hii, ni kurudi kuuza sukuma."

Kitale kulikuwa na baridi. Tuliketi ofisini tukingoja, hata bosi akatoka mwenyewe, mtu mnene wa tai nyekundu, akaita jina la Nekesa. Nikamwuliza, "Baba, wewe ni wa wapi?"

"Bokoli, mama."

"Bokoli kwa nani?"

"Kwa mzee Khaemba."

"Si wewe ndiye Simiyu, uliyeoa Namalwa wa dadangu Nelima!"

Nilifurahi kabla ya kufikiri. Kwetu Wabukusu, dada ya mama mkwe ni mama mkwe pia, na mwanamume haketi naye chumba kimoja wala hamtazami usoni. Ndiyo maana nilimjua kwa jina tu. Simiyu aliinamisha macho, akarudi nyuma kama aliyekanyaga siafu, akapitia mlango wa jikoni.

"Kukhu!" Nekesa akaninong'oneza, machozi yakimlenga. "Nyanya yangu mwenyewe amenifukuzia bosi!"

Moyo ulinishuka. Nikatoka, nikakaa nje ya geti ili mkwe arudi. Hakurudi. Alituma neno kwamba sasa yeye ni jamaa, hawezi kumhoji mtoto wetu. Naibu wake, Chebet wa Kapsokwony, atamhoji. Huyo Chebet nilimpima kwa majina yote ninayoyajua: hatuna undugu naye hata wa kuombana chumvi.

Nekesa alitoka akitembea kama mwenye shamba. "Kukhu, amenipeleka stoo, ameniuliza mahindi yakishika ukungu nifanye nini. Nimejibu yote. Hakuuliza namjua nani!"

Jioni, tukishuka Webuye, simu ya Nekesa ikalia. "Ndiyo, madam… Jumatatu naanza, madam." Barasa alipiga honi mpaka ng'ombe wakaacha barabara.

Kwa hiyo nimejifunza. Kwenda kwangu kulisaidia, ila si nilivyopanga: ndugu alitoka, mtoto akapita mwenyewe, na hakuna wa kusema alibebwa. Jumatatu ataenda peke yake, mkwe apate kuketi kwenye kiti chake.

Nyinyi wa Bokoli mnaosoma haya, nikiwa nimekosea jina la mtu au nimemweka kwa mama asiye wake, nirekebisheni. La Simiyu tu liacheni. Mtu hakimbii namna ile mbele ya mama mkwe wa uongo.