Sitaiandika Alfajiri kwa Kitu cha Wizi

Kompyuta ya madrasa ililetwa na kamati ya msikiti mwezi wa Rajabu, ili niandikie ratiba ya Ramadhani. Zamani niliiandika kwa mkono, lakini mkono wangu siku hizi unatetemeka. Alhamdulillahi, umenitumikia vya kutosha. Ratiba hiyo si pambo la ukutani. Alfajiri hutufikia sisi wa Mtwara kabla haijafika Dar es Salaam, kwa hiyo mtu wa huku akila daku kwa karatasi ya huko, hula wakati alfajiri imeshaingia na funga yake imeharibika bila kujua. Kuanzia Rahaleo mpaka Kilambo na Kitaya kule mtoni, ipo misikiti inayongoja karatasi yangu.

Pembeni mwa kioo cha kompyuta ile palikuwa na maneno ya Kiingereza yasiyoondoka. Nilimwomba jirani yangu anisomee. Yeye ni mwalimu wa kompyuta sekondari, Mkristo, alikuja kutoka Mbeya na mumewe anayefanya kazi bandarini. Sahani za Idi na za Krismasi huvuka ukuta wetu kwenda na kurudi. Alisoma, akasita, kisha akaeleza kuwa mfumo unaoiendesha kompyuta hiyo haukununuliwa. Kuna mtu aliuvunja kufuli.

"Yaani umeibwa?"

"Ndiyo, mzee. Ila karibu kila mtu anao huohuo."

Nikaizima.

Mwenyekiti wa kamati, niliyesoma naye chuo cha Kurani tukiwa wadogo, alicheka nilipompelekea habari hiyo. Akanikumbusha somo letu la zamani, kwamba mtu akiswali na nguo aliyonyang'anya, kwa madhehebu yetu swala yake inasihi, haibatiliki.

"Inasihi," nikasema. "Na mwenye nguo yuko uchi."

"Mwenye nguo hii ni tajiri, Maalim. Yuko ng'ambo. Hata hajui kama Mtwara ipo."

"Mwenyezi Mungu anajua ipo."

Niliona tu kwamba siwezi kuwatangazia watu mpaka wa halali na haramu kwa chombo ambacho chenyewe kimevuka mpaka huo.

Mwalimu yule aliposikia msimamo wangu, hakunicheka. Alisema upo mfumo mwingine unaoitwa Linux, ambao walioutengeneza wameutoa wenyewe: utumie, unakili, umpe jirani, na ukitaka ufungue uone ulivyoundwa. Nikamwambia sisi jambo hilo tunalijua kwa jina la wakfu. Sikuuliza dini ya watu hao. Anayekunywa maji ya kisima humwombea heri aliyekichimba, nami nimewaombea.

Alikuja baada ya Alasiri na flashi yake, akahifadhi kwanza masomo ya madrasa niliyokwisha kuyaandika humo, akaufuta mfumo wa wizi. Kompyuta iliyokuwa inakokota ikaamka. Nilipotaka kuongeza programu, iliniomba neno la siri kwanza, nami nikaipenda kwa hilo. Haikubali kitu kiingie ndani bila hodi. Kiarabu kiliandikika kutoka kulia bila ugomvi. Printa ndiyo iliyonipa mtihani, ikagoma mpaka nikadhani ina jini. Lakini nikaipata programu ya nyakati za swala, nikaiambia niko wapi, ikanipa nyakati zilizokaribiana sana na zile alizonirithisha marehemu mwalimu wangu.

Kasoro ilikuwa moja. Programu ilihesabu saa kuanzia usiku wa manane, na sisi huhesabu kuanzia jua kuchomoza. Nikaliamuru jedwali lipunguze saa sita kila mahali. Nikatazama Adhuhuri, Alasiri na Magharibi, zote sawa. Katikati ya karatasi niliikagua, ncha zake nikaziacha. Mwalimu akanichapia nakala kwake, nikaipeleka kwenye kikao.

Mwenyekiti akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya khutba: Alfajiri saa ishirini na tatu, Isha saa kumi na tatu. Kamati nzima ikaangua kicheko.

"Maalim, huu mfumo wako wa bure unaturuhusu kula daku mpaka lini? Mpaka kesho?"

Walipotulia alitoa uamuzi. Ijumaa niwe nimerudi kwenye mfumo wa zamani na ratiba iko tayari, la sivyo wataagiza karatasi za Dar.

Nikasimama. Nikawaambia kosa ni langu, si la mfumo. Nilichoamuru ndicho kilichotoka. Nikawaambia pia kwamba wakileta karatasi za Dar, funga za watu wa Kitaya ziko shingoni mwao, si mwangu. "Na ule mfumo mwingine siurudii. Hata mkinivua kazi hii."

Mwalimu alitaka kunirekebishia. Nilimwomba anifundishe badala yake, na kwa subira yake nilielewa: saa ikirudi nyuma ya mwanzo wa siku ipewe kumi na mbili, ikifika kumi na tatu ivuliwe kumi na mbili. Alfajiri iliyofuata nilitoka na karatasi yangu hadi uwazini, nikaitazama nuru inavyotandaa mashariki kama nilivyofundishwa. Nuru na karatasi vikakubaliana. Jumatano printa nayo ikasalimu amri. Wauza samaki wakachukua nakala za Kilambo na Kitaya.

Ijumaa nilimpa mwenyekiti yake. Safari hii alianza kukagua ncha. Kisha akaibandika ukutani.

Alfajiri ya kwanza ya Ramadhani, redio ya Dar ilikuwa bado inawaambia watu waendelee kula taratibu. Mimi nilishaweka kikombe chini. Kipaza sauti cha msikiti kikakwaruza, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mwenyekiti mwenyewe:

"Jamani, muda wa daku umekwisha. Zimeni hizo redio."

Baada ya swala nilimfuata barazani, nikamkumbusha kwamba kompyuta ya ofisini kwake bado ina mfumo wa wizi. Akanishika bega, akasema Ramadhani ni mwezi wa subira.

"Subira ninayo," nikamwambia. "Kesho nitakukumbusha tena."