Kwanza Tumwite Mama Yake

Watoto walimwita Bi Makamasi, na yeye hakuwakasirikia. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Pua alizofuta zilikuwa nyingi kuliko vichwa alivyofundisha kusoma. Kila siku kabla ya chakula aliwapanga bombani, akawakunja mikono ya nguo na kuwanawisha mwenyewe.

Jumatatu moja mtoto wa kike alikataa kukunjwa sweta.

"Mama kasema nisivue."

Bi Makamasi akamtania mpaka akacheka, ndipo akaipandisha taratibu. Juu ya kiwiko kulikuwa na majeraha ya duara, mengine mabichi, mengine yameshakauka. Alama za sigara alizijua. Sheria nayo aliijua: mwalimu akishuku, aripoti mwenyewe siku hiyohiyo, ustawi wa jamii au polisi.

Lakini pale shuleni walikuwa na utaratibu wao.

"Kwanza tumwite mama yake," alisema mwalimu mkuu, shoga yake tangu chuo. "Tukikosea je? Tutakuwa tumemwaibisha mwanamke wa watu."

"Na tusipokosea?"

"Shoga, usinipandishe presha. Mpigie."

Akampigia.

Mama alikuja amejipamba, akasimulia habari ya mbu na kujikuna. Mwalimu mkuu alitikisa kichwa kukubali. "Ahsanteni kwa kumjali mwanangu," mama alisema, akamshika mtoto mkono wakaondoka. Mtoto hakugeuka nyuma.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa pia. Siku iliyofuata Bi Makamasi aliomba ruhusa, akaenda mpaka kwenye chumba walichopanga. Mlango ulikuwa wazi, ndani pamefagiwa. Jirani aliyekuwa akifua hakuinua hata uso.

"Wamehama. Walisema shule yenu inawachimba."

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja polisi, dawati la watoto.

"Uliona lini?" askari aliuliza.

"Jumatatu."

"Leo Alhamisi, mama. Ulikuwa unangoja nini?"

Angeweza kumtaja mwalimu mkuu. Jina lilimfika mdomoni, akalimeza.

"Nilimpigia mama yake."

"Yaani wao umewaambia kabla yetu."

"Ndiyo."

"Unajua naweza kukufungulia kesi wewe?"

"Fungua. Ila anza na mtoto."

Askari akavuta simu ya mezani, akanyanyua mkonga wake na kuushikilia hewani. "Haya. Wameelekea wapi?"

Bi Makamasi alijua mtoto yule anaogopa paka, anakula kwa mkono wa kushoto na hulala kidole kikiwa mdomoni.

"Sijui," alisema.