Mlango wa Mbele

Kabla sijamwona Muuguzi Mfawidhi, nilisikia kicheko chake. Kilitoka chumba cha sindano, kikanikuta ukumbini mwa kituo cha afya nimeshika barua ya ajira. Kisha akatokea mwenyewe, mwanamama mfupi, kofia imeinama upande.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wa kwa nani wewe?"

Nikautaja ukoo wetu, wenye mashamba ya minazi Pangani.

"Basi leo utaosha trei, mwenye minazi!"

Wiki ileile aliingia Salome, binti wa mkata mkonge. Alikuwa amebakwa njiani akitoka kwaya. Alishika fomu ya polisi, ile ambamo kituo cha afya hujaza majeraha, na bila hiyo kesi haisimami. Benchi zima la wagonjwa lilimtazama. Nami nikamuuliza, "Ulifuata nini huko peke yako?"

Bibi akanivuta pembeni. "Swali hilo limo kwenye fomu?"

"Halimo."

"Umelitoa wapi?"

Nikafikiri. "Nyumbani."

"Lirudishe huko. Kamwombe radhi."

Nikamwomba. Salome akasema, "Endelea kuandika, dada."

Mabinti wa ukoo kama wetu sikuwaona pale benchini. Waliletwa kwa mlango wa uani, wamegubikwa baibui, wakaoshwa, wakapewa vidonge, wakarudishwa bila fomu. Hilo tuliliita kuwasitiri. Aliyesitirika hasa ni mbakaji.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani mtaa wa Nguvumali. Wauguzi vijana wakiniuliza ugumu wa kazi ile, huwasimulia siku moja ya mwaka wangu wa mwisho, nikiwa Muuguzi Mfawidhi mimi. Wifi yangu aliingia kwa uani na bintiye Zuwena, mwanafunzi wa chuo.

"Wifi, muoshe haraka twende zetu."

"Nikimuosha, ushahidi unakwenda na maji."

"Wakimwona watu, nani atamposa?"

"Wewe kaka yangu alikuposa, na unakoroma!"

Zuwena akacheka, machozi yangali mashavuni. Nikamgeukia yeye. "Mwanangu, wewe unatakaje?"

"Nipime, Shangazi. Na fomu nataka."

Nikampima, nikatoa fomu kabatini, maana siku hizo tulikuwa nazo kituoni, tukajaza mistari yote. Mama yake akashika kitasa cha uani. Zuwena akaikunja fomu, akapita mbele ya benchi, akawaamkia wazee, "Shikamooni." Wakaitikia. Akatoka kuelekea polisi.

Wifi akanitazama, akatazama kitasa, akakiachia.

"Ningoje basi, Zuwena! Unakimbilia wapi na mimi nina magoti?"

Mlango wa mbele ukajifunga nyuma yake.