Jenerali kapakatwa na jaji

Wanangu, leo jogoo wangu kanifedhehesha mbele ya watu.

Mnamjua Jenerali, kuchi wangu, mbegu ya jogoo wa kupigana, ninayemfuga juu ya ghorofa hapa Kariakoo. Shingo ndefu, kifua wazi, macho ya ugomvi. Mtaa mzima nilishautangazia kwamba utepe wa kwanza kwenye maonyesho ya kuku ya leo ni wetu.

Kwenye maonyesho kuchi anatakiwa asimame wima kama askari. Nimemfundisha mwenyewe, namning'inizia mtama juu anyooshe shingo.

Kumbe nikitoka tu, bi mkubwa aliyenizaa anampakata na kumlisha karanga.

Basi leo ukumbini jaji akachuchumaa ampime miguu. Jenerali akampanda mapajani, akafumba macho.

"Kijana, umeleta jogoo au mjukuu wangu?"

Nikamgeukia bi mkubwa niliyekuja naye. Anahesabu mabati ya paa.

"Umbo analo," jaji akasema, "ila siwezi kumpa utepe amelala."

Tukatoka kapa. Mlangoni Mangi wa duka la chini, aliyekuja makusudi kunicheka, akanishika bega.

"Dogo, niazime huyo kwa mitetea yangu. Kuchi wangu wananidonolea watoto. Nataka vifaranga wapole namna hiyo."

Haya semeni, nani kashinda leo?

Wenye mitetea pangeni foleni. Ila ruhusa mnaomba kwa bi mkubwa.