Komwe Niliyoitia Ndoana

Ninaandika haya kidole gumba kimefungwa kitambaa, na sitajitetea.

Chambo changu cha risasi kilikuwa kinazama upesi mno, samaki kama kolekole hawawahi hata kukitazama. Juzi, nikitoka kazini Gerezani, niliokota komwe chini ya benchi la barazani kwetu. Nikadhani watoto wameitupa. Nikaitoboa, nikaipachika chembe ya risasi na ndoana, nikaijaribu kwenye ndoo. Ilishuka polepole kama jani. Nilijiona fundi kweli, nikaitia mfukoni mwa koti.

Jana alasiri wazee walipanga bao, kete moja ya komwe ikakosekana.

"Shomari, umeificha!" akafoka Mzee Kibwana.

"Mimi? Umri huu uniite mwizi mbele za watu?" Mzee Shomari alisimama, akagonga mkongojo chini.

Niseme haki: hata mimi nilimshuku, maana anapenda sana kushinda. Komwe yangu sikuikumbuka kabisa. Kwangu ilikwisha kuwa chambo. Nikajitia mwamuzi.

"Wazee wangu, kila mtu apekuliwe. Naanza mimi."

Nikatumbukiza mkono mfukoni kwa mbwembwe. Ndoana ikanasa kidole. Nikautoa mkono nikipiga yowe, komwe inaning'inia mbele ya baraza zima.

Aliyenichomoa ndoana ni Mzee Shomari mwenyewe, taratibu, akinipulizia kidole. Sijui kama ningeweza kuwa mwema hivyo. Nikamwomba radhi.

"Yamekwisha, mwanangu. Ahsante kwa kuileta," alisema, kisha akamgeukia mwenziwe. "Kibwana, samaki wa kwanza huyu hapa. Wa pili nakungoja wewe."