Trekta Waliyogawana

Ombati hakuwa fundi wa kusomea. Alijifunza injini jinsi mtu anavyojifunza tabia za ng'ombe wake, kwa kuishi nayo. Kwa miaka kumi na minne aliendesha trekta nyekundu aina ya Massey Ferguson ya kampuni ya shamba, nje kidogo ya Nyansiongo, na wakulima wa upande ule walimjua kwa mistari yake. Akipitisha plau, ungedhani kuna mtu ametangulia kuvuta kamba.

Kampuni yenyewe ilikuwa familia kumi na mbili zilizonunua shamba la mzungu baada ya Uhuru. Walilima pamoja na kuvuna pamoja mpaka mwaka 1985, walipoamua kila mtu apewe kipande chake na hati yake. Ardhi ikagawanyika. Ng'ombe wakagawanyika. Trekta ilikataa. Mkutano wa mwisho ulikuwa wa makelele matupu. Mapipa mawili ya dizeli yalikuwa yamepotea, na mwenyekiti, mzee Onyiego, alisimama akamnyooshea Ombati kidole mbele ya wote. Shahidi hakuwepo, na hakuna aliyemtafuta. Kulipopambazuka wanachama walifika na spana. Mmoja alifungua usukani, mwingine kiti, mwingine boneti, ili mwenzake asije akaitumia trekta peke yake. Onyiego aliondoka na pampu ya dizeli, na bila pampu injini haipati hata tone la mafuta. Mwili uliobaki uliachwa chini ya mikaratusi, juu ya mteremko.

Nasema bila kuficha: hivyo ndivyo tulivyoifanyia nchi hii. Tulichonunua pamoja tulikifungua kwa spana, kila mtu akaenda kulala na kipande chake akidhani amepata haki.

Kwa miaka kumi na moja Ombati alichunga ng'ombe wa watu na kuitwa Dizeli. Watoto waliozaliwa baadaye walidhani ndilo jina lake la ubatizo. Hakugombana na mtu. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolitaka, na hakulificha: siku moja akae tena juu ya trekta ile, mbele ya wale wale waliomwona akishushwa.

Nafasi ilikuja Januari 1996. Ndigana, ile homa ya kupe, iliwaua maksai wa jirani yake Bitutu, mjane ambaye hakuwa amefikisha miaka arobaini. Alikuwa na ekari sita za kulima, na mvua ya kupandia ilibakiza wiki chache. Wenye trekta za kukodi walimwambia angoje hadi Aprili. Mahindi ya Aprili ni majani ya ng'ombe, kila mtu pale anajua. Jioni moja alimkuta Ombati akirudisha ng'ombe.

"Dizeli," akaanza, kisha akajirekebisha. "Ombati. Ile maiti yako pale kwenye mikaratusi inaweza kufufuka?"

"Injini naiweza," Ombati akajibu. "Watu ndio siwawezi."

"Watu niachie mimi."

Wakaanza nyumba kwa nyumba. Usukani ulikuwa kwa Nyangau, umetundikwa ukutani sebuleni kando ya kalenda, na Nyangau aliutoa akicheka kwa aibu. Boneti lilikuwa paa la banda la kuku. Taabu ilikuwa kiti. Kiti kile cha chuma kilikuwa kwa bibi Drusilla, ambaye kijiji kizima humwita Magokoro, yaani nyanya. Alikuwa amekipigilia miguu ya mbao, na ndicho alichokalia akimenya viazi.

"Magokoro, tumekuja kuomba kiti," Bitutu akasema.

"Na mimi nikae wapi?"

"Nitakuletea stuli nzuri, mpya."

"Stuli haijui matako yangu. Hiki kimeyajua miaka kumi na moja."

Ombati akageuza uso asicheke. Bitutu akapiga magoti, akamweleza juu ya maksai na ekari sita. Magokoro alimsikiliza mpaka mwisho, akamenya kiazi kimoja zaidi, kisha akainuka taratibu.

"Chukueni. Lakini nikisikia kimekaliwa na mtu mvivu, nitakifuata shambani na hii miguu yangu."

Injini ilikuwa imekaza. Panya walikuwa wamezaa ndani ya kisafisha hewa, na pistoni zilishikwa na kutu. Ombati alimwaga dizeli kidogo kwenye kila silinda, akaiacha inywe. Kila asubuhi, kabla ya kupeleka ng'ombe malishoni, alishika feni kwa mikono miwili akaitikisa. Siku nane haikusogea. Siku ya tisa ilisogea upana wa kidole, akafurahi kama mtu aliyepewa mtoto, na siku ya kumi na mbili ikazunguka nzima. Stata ya kuwashia injini ilikuwa imeuzwa zamani, lakini kwa mteremko ule hakuihitaji. Ilibaki pampu.

Alikwenda kwa Onyiego siku ya Jumamosi, na hilo lilikuwa kosa. Ombati ni Mkatoliki, alisahau kwamba mzee ni Msabato. Mzee alikuwa ametoka kanisani, Biblia ingali mkononi.

"Leo ni Sabato. Mambo ya vyuma njoo nayo kesho."

Kesho yake alirudi saa tatu asubuhi. Onyiego alikuwa ameketi mlangoni, kana kwamba alimngoja.

"Umekosa misa?"

"Nimekosa."

"Kwa ajili ya pampu."

"Kwa ajili ya pampu, Omogaka."

Aliposikia ameitwa kwa heshima ya wazee, Onyiego alinyoosha mgongo. Kisha akasema, "Kwanza niambie ile dizeli."

Ombati angeweza kusema alichosema miaka yote, kwamba hajui. Alitazama chini.

"Niliuza debe moja. Nyumbani kulikuwa na mgonjwa, na nyinyi mlikuwa hamjanilipa tangu Krismasi. Debe moja ni langu. Hayo mapipa siyajui mpaka leo."

"Debe moja."

"Moja."

Mzee aliingia ndani, akakaa humo muda mrefu. Alirudi na mkebe mkubwa wa mafuta ya kupikia. Ndani yake, ndani ya kipande cha blanketi, kulikuwa na pampu. Ombati aliipangusa kwa kidole. Ilikuwa imelowa mafuta mapya, safi, bila doa la kutu.

"Nani anaitunza hivi?"

"Mimi. Kila Desemba nabadilisha mafuta."

"Kwa nini, na wewe ndiye uliyeiondoa?"

"Ni kitu cha watu. Kikiozea kwangu nitajibu nini?"

"Basi si ungeirudisha?"

"Kwa nani? Kwa mwizi?" Sauti yake haikuwa na hasira. "Sasa sikiliza. Utaifunga. Utaiwasha. Utamwonyesha mwingine. Lakini wewe hutaiendesha. Mtu aliyeuza debe la watu hapandi juu ya chombo cha watu. Ukikubali, chukua. Ukikataa, acha hapo."

Ombati alisimama na mkebe mikononi. Alikuwa amekuja kutafuta siku yake, na sasa aliambiwa aitengeneze kwa mikono yake ampe mtu mwingine. Angeweza kubisha. Angeweza kuuliza mapipa mawili nani aliyanywa. Lakini huko nyuma yake mawingu ya upande wa Sotik yalikuwa yameanza kujaa.

"Nimekubali," akasema.

Jumatatu watu walijaa chini ya mikaratusi, hata wale waliokuja kucheka. Ombati alifunga pampu, akalegeza nati za mabomba, akasukuma dizeli kwa kidole gumba mpaka povu likaisha, maana injini ya dizeli yenye hewa ndani haiwaki hata uisukume hadi Kisii. Halafu akarudi nyuma hatua moja.

"Panda," akamwambia Bitutu.

"Mimi? Mimi sijawahi kuendesha hata baiskeli!"

"Kanyaga hapo kwa mguu wa kushoto. Nikisema achia, uachie."

Onyiego alikuwepo, mikono nyuma. Wanaume kumi wakaegemeza mabega. Trekta ikaanza kuteremka, polepole, kisha kasi.

"Achia!"

"Niachie nini?"

"Mguu, mama! Mguu!"

Ikashtuka, magurudumu yakaburura udongo, hakuna kitu. Wakasukuma tena. Mara ya pili ikakohoa wingu moja la moshi mweusi. Mara ya tatu, karibu na mwisho wa mteremko, ikanguruma, ikatulia kwenye mdundo wake ule ule wa zamani, na mzee mmoja akavua kofia bila kujua amevua.

"Breki iko wapi?" Bitutu akapiga kelele, akielekea kwenye ua wa shule. Ombati alikimbia kando yake, mkono juu ya bamba linalofunika gurudumu, akimwelekeza mguu upi na upi, mpaka ikasimama.

Siku iliyofuata walifunga plau. Shamba la Bitutu linapakana na la Onyiego, na mstari wake wa kwanza ulikwenda kama njia ya mlevi anayerudi kutoka sokoni. Wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Ombati alitembea mtaroni kando yake, miguu imefunikwa na udongo, akisema bila kuchoka, "Tazama mbele, usitazame gurudumu. Chagua mti, ufuate huo." Wa tatu ulipokaribia kung'oa seng'enge ya mwenyekiti, Onyiego alitoka mbio.

"Ombati! Ombati, panda hiyo kitu! Huyu atatulimia mpaka jikoni!"

Wasukumaji wa jana, waliokuja kutazama, wakamgeukia Ombati. Bitutu akasimamisha trekta, akaanza kushuka, uso umemwiva kwa aibu. Ombati akamtazama Onyiego, kisha akatazama kiti kilichoachwa wazi nusu. Kila mmoja pale alijua alichokuwa anakitazama.

"Rudi ukae," akamwambia Bitutu.

"Lakini mzee amesema..."

"Nimesikia alichosema. Mimi nina miaka sitini na tatu. Nikipanda leo, mwaka kesho hamtakuwa na dereva mwingine, na mtaifungua tena kwa spana." Akamgeukia Onyiego. "Omogaka, vumilia ua wako. Anajifunza."

Onyiego akaenda kwenye ua, akashika nguzo iliyoinama, akaanza kuinyoosha.

Bitutu akakaza usukani, akachagua mti. Mstari wa nne ulipinda mara mbili tu.