Lerionka Alivyomfilisi Mgiriki Akashindwa Kutamba

Babu yangu Lerionka aliuza ng'ombe asiye wake saa tatu asubuhi. Kufika saa sita mchana amebaki na shilingi tatu.

Saa tisa akawa ameikausha kasino ya Mgiriki.

Na hakumwambia mtu kwa miaka arobaini.

Ilikuwa 1953, enzi za Mwingereza. Babu kijana wa Ilboru, mke mmoja, Namelok, ndiye bibi yangu. Ng'ombe aliitwa Naibor, kwa weupe wake, na alikuwa wa nyumba ya Bibi. Kwetu Waarusha, mke akishapewa ng'ombe siku ya harusi, mume anachunga tu. Hauzi bila ruhusa ya mwenyewe.

Babu akauza.

Mjini kulikuwa na Mgiriki, Pandeli, mwenye gurudumu la kamari chumba cha nyuma cha hoteli yake. Wazungu waliingilia mbele. Siku za soko, Mwafrika mwenye shilingi aliingilia jikoni.

Sokoni, Naibor alikwenda kwa mia na ishirini. Mnunuzi alikuwa Loserian, mfugaji wa Nduruma. Hesabu ya Babu ilikuwa nyepesi: acheze, ashinde, amrudishe Naibor na mwenzake zizini kabla ya saa kumi na mbili, Bibi anapokamua.

Akili za ujana hizo, ziacheni.

Gurudumu likamla mpaka akatoka kijasho chembamba.

"Rafiki, nenda nyumbani," Pandeli akamwambia.

"Nyumbani ndiko kubaya zaidi."

Akaegemea ukuta. Mguu mmoja unataka kubaki, mwingine unataka kwenda, jua linatembea dirishani na yeye analiona.

Namba hakujua kusoma. Ila mtu aliyechunga tangu ana miaka mitano humjua ng'ombe mwenye kwato mbovu kwa kusikia tu hatua zake. Babu akaanza kulisikiliza gurudumu.

Likikaribia kusimama, lilisita. Upande uleule, kila mara. Na likisita, gololi hudondokea karibu na mkwaruzo mmoja mwekundu.

"Kumbe huyu anachechemea," akajisemea.

Akaweka shilingi mezani, kwenye alama iliyofanana na ya pale. Ikaliwa. Akaweka nyingine palepale.

Ikaingia.

Akaweka tena. Ikaingia tena. Wachezaji wakaacha kutafuna karanga. Mpaka saa tisa Babu ana mia tatu na hamsini, na kasha la Pandeli unaona mbao za chini.

Pandeli akalifunika gurudumu kwa kitambaa. "Basi. Limeharibika."

"Limeharibika tangu asubuhi, bwana. Ulikuwa hujaliwa tu ndiyo maana hukuona."

Akatoka mbio. Alimkuta Loserian nje ya mji, njia ya Nduruma, amepumzika kivulini na mkewe Simaloi. Naibor anatafuna majani, hana habari.

"Mzee, namtaka ng'ombe wangu. Mia na hamsini hizi hapa."

Loserian akamtazama kuanzia nywele mpaka vumbi la miguuni, akazihesabu kwa macho noti zote alizoshika. "Mia tatu na hamsini."

"Toka asubuhi amekua?"

"Hajakua. Ila jasho lako si la mtu anayenunua ng'ombe. Ni la mtu anayemwogopa mkewe."

Simaloi akacheka mpaka akaegemea kibuyu chake.

Babu akamtazama Loserian. Akalitazama jua. Akatoa zote.

Walipanda Ilboru yeye na Naibor kama wanaofukuzwa. Wakaingia zizini, Bibi ndiyo anatoka na kibuyu. Babu akashusha pumzi. Amewahi.

Bibi akachuchumaa. Akavuta chuchu. Kimya. Akavuta nyingine. Tone moja.

"Baba Resiato," akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Naam."

"Nani amemkamua ng'ombe wangu?"

Hapo ndipo kibuyu cha Simaloi, kilichojaa, kilipomjia akilini. Aseme mwanamke wa Nduruma? Ataulizwa, Nduruma alifuata nini? Mdomo ukatangulia.

"Mimi."

Sasa, asiyejua kwetu ajue. Enzi zile kukamua ni kazi ya wanawake. Mwanaume mzima mwenye mke, haonekani chini ya ng'ombe.

Bibi akainuka. Kisha akamkabidhi kibuyu, akamwonyesha ng'ombe aliyefuata.

"Malizia basi. Mikono yangu imechoka."

Na Babu akachuchumaa. Akakamua, maziwa nusu kibuyuni, nusu magotini, wanawake wa boma la jirani wamejipanga kwenye ua wanatazama.

Asubuhi rika lake zima lina habari. "Habari za matiti?" ndiyo ikawa salamu yake vilabuni. Mtu pekee wa Ilboru aliyewahi kumfilisi Mgiriki, na hawezi kusema, maana akisema ataulizwa mtaji aliutoa wapi.

Mimi Babu aliniambia baada ya Bibi kuzikwa. Nikamuuliza kwa nini hakukiri tu.

"Alijua," akasema. "Kesho yake alishuka sokoni mwenyewe, akaambiwa kila kitu. Aliniacha nikamue miaka miwili."

Kwa hiyo ndugu zangu mnaokesha na mikeka ya kubeti mpira: ukicheza na cha mwenzako, usiombe kushinda. Aliyepoteza hulia siku moja akasamehewa. Aliyeshinda anabaki na siri, na siri hutaka mtu wa kuilisha kila jioni.